Miaka 86 ya gundu Boston, mchawi alikaa ofisini

Shabiki wa Liverpool akilitaja jina la John Henry, mara nyingi lawama zinafuata. Dirisha la usajili liko wazi, wenzao wanashusha majembe, Anfield kimya, na kijiweni bosi huyo Mmarekani anaitwa bahili. Wanaomtetea wanaleta Ligi ya Mabingwa ya 2019 na ubingwa wa England wa 2020 uliomaliza ukame wa miaka 30. Ubishi unaendelea mpaka kahawa inapoa.

Wachache kwenye ubishi huo wanajua kwamba kabla ya kuinunua Liverpool Oktoba 2010, Henry na wenzake walikuwa wameshamaliza ukame mwingine mrefu zaidi. Huo ulikuwa wa miaka 86. Timu yenyewe ni Boston Red Sox ya besiboli, inayocheza Fenway Park, uwanja uliofunguliwa mwaka 1912. Kampuni ya Fenway Sports Group inayoimiliki Liverpool imechukua jina lake hapohapo.

Besiboli haina mashabiki wengi huku kwetu, na haijalishi. Historia ya Red Sox ataielewa kila aliyewahi kulia kwa ajili ya timu. Yumo nyota aliyeuzwa kwa mahasimu. Yumo mchezaji aliyepigwa tobo moja akazomewa kwa miaka. Wamo watu wazima na akili zao walioapa kwamba timu imerogwa. Na kwa miongo minane wote hao walikuwa wanamtafuta mchawi mahali ambapo hayupo.

BABE RUTH ANAUZWA

Red Sox walianza kama wababe. Walibeba World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, ilipochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Wakarudia 1912, 1915, 1916 na 1918. Mataji matano kabla mji haujazoea raha.

Kwenye kikosi hicho alikuwemo kijana Babe Ruth, aliyepewa jina la utani la Bambino. Alianza kama mrushaji hodari, halafu ikagundulika kwamba akishika gongo ni balaa zaidi. Mwaka 1919 alipiga mipira 29 ikavuka uzio, rekodi ya msimu mmoja kwa wakati huo.

Mmiliki wa timu, Harry Frazee, alikuwa mfanyabiashara wa maonyesho ya jukwaani na alitaka fedha. Desemba 1919 akakubali kumuuza Ruth kwa New York Yankees kwa Dola 100,000, na juu yake akapewa mkopo. Msimu wa kwanza tu New York, Ruth alivusha uzio mara 54. Yankees, ambao mpaka siku anawasili hawakuwa na taji hata moja, walifika mwaka 2003 wakiwa nayo 26. Boston katika muda wote huo hawakuongeza hata moja.

Ndipo ikazaliwa hadithi ya Laana ya Bambino. Lakini hapa pana jambo la kuangalia vizuri. Jina hilo lilisambaa sana kupitia kitabu cha mwandishi wa Boston, Dan Shaughnessy, kilichotoka mwaka 1990. Yaani laana ya mwaka 1920 ilipata umaarufu miaka 70 baadaye, Red Sox wakiwa wameshapoteza fainali nne, za 1946, 1967, 1975 na 1986, na zote nne kwenye mechi ya saba, ile ya mwisho kabisa. Kwanza waliumia, halafu wakatafuta wa kumsingizia, na marehemu Ruth hakuwa na namna ya kujitetea.

Ingekuwa Bongo, kamati ya ufundi ingeshakaa kikao cha dharura, na mtu angepewa nauli ya kwenda kutafuta mtaalamu.

MAJARIBIO YA ASUBUHI MOJA

Kama lazima laana itafutwe, itafutwe tarehe 16 Aprili 1945. Siku hiyo wachezaji watatu weusi walikwenda Fenway kufanya majaribio: Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams. Wakati huo ligi kubwa za besiboli Marekani zilikuwa za wazungu watupu. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa, yalikuwa makubaliano ya mabosi. Red Sox wenyewe walikubali majaribio hayo baada ya kubanwa na diwani wa mji, Isadore Muchnick, pamoja na mwandishi wa michezo Wendell Smith.

Vijana wakapiga mipira, wakadaka, wakaondoka. Hakuna aliyesajiliwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers akavunja ukuta wa rangi. Msimu huohuo akawa mchezaji bora chipukizi, na mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Jethroe naye alichukua tuzo ya chipukizi mwaka 1950, tena akiichezea Boston Braves, timu ya pili ya mji uleule! Red Sox walikuwa nao wote wawili uwanjani kwao, wakawaacha waende.

Wao walimchezesha mchezaji mweusi wa kwanza, Pumpsie Green, Julai 1959. Walikuwa timu ya mwisho kati ya 16. Robinson alikuwa ameshacheza maisha yake yote ya soka la gongo na kustaafu, Red Sox bado wanafikiria.

Katika miaka hiyo walikuwa na Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kuwahi kutokea. Alistaafu mwaka 1960 bila taji, akiwa amegusa World Series mara moja tu, ile ya 1946. Piga picha una straika wa daraja hilo, halafu bosi anakataa kumletea wenzake wa kumsaidia kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Bosi huyo alikuwa Tom Yawkey, tajiri aliyeimiliki timu tangu 1933 mpaka alipofariki mwaka 1976. Fedha hazikumpiga chenga hata siku moja, taji ndilo lililompiga chenga miaka yote 43.

Lakini nani alilaumiwa kwa 1946? Johnny Pesky, mchezaji wa ndani, aliyedaiwa kusita kidogo na mpira mkononi wakati Enos Slaughter wa St. Louis Cardinals anakimbia kufunga pointi ya ushindi. Miaka mingi watu walibishana kuhusu sekunde hiyo moja. Miaka 14 ya mlango kufungwa kwa wachezaji weusi, tangu yale majaribio mpaka Green, haikujadiliwa kwa kelele ya aina hiyo.

TOBO LA BUCKNER

Usiku unaojulikana kuliko yote ni wa tarehe 25 Oktoba 1986, Shea Stadium, New York. Red Sox waliongoza fainali kwa mechi 3-2 dhidi ya New York Mets. Mechi ya sita ilikwenda muda wa nyongeza, na Boston wakaongoza 5-3.

Kwenye besiboli kila timu ikiwa kwenye zamu ya kupiga inaruhusiwa kupoteza watu watatu, baada ya hapo zamu imekwisha. Mets walikuwa wameshapoteza wawili na hawana mtu kwenye kituo chochote. Boston walimhitaji mmoja tu. Hizo ndizo dakika za jioni haswa.

Gary Carter akapiga, akafika. Kevin Mitchell akapiga, akafika. Ray Knight akapiga, Carter akarudi nyumbani, 5-4. Benchi la Boston likambadilisha mrushaji, likamleta Bob Stanley. Mpira wake mmoja ukaenda kombo, Mitchell akakimbia, 5-5. Mpaka hapo Bill Buckner hajaugusa mpira, na uongozi wa mechi umeshayeyuka.

Ndipo Mookie Wilson akapiga mpira wa chini, unabingirika taratibu kuelekea kwa Buckner. Ulikuwa mpira wa kudaka huku unaongea. Ukapita chini ya glovu, katikati ya miguu, tobo. Knight akafunga, Mets wameshinda 6-5.

Kwa wengi Boston hadithi inaishia hapo, mwanaume mmoja kaukosa ubingwa wa mji mzima. Lakini iliyopotea ni mechi ya sita. Ya saba ilikuwepo. Red Sox waliongoza 3-0 kwenye mechi hiyo ya saba, wakafungwa 8-5. Nani anayakumbuka majina ya walioharibu siku hiyo?

Kuna kubwa zaidi. Buckner alikuwa na miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyochoka. Katika mechi za mtoano za mwaka huo, kocha John McNamara alikuwa na kawaida ya kumtoa mwishoni timu ikiongoza na kumwingiza Dave Stapleton, mwenye miguu mizima. Usiku ule hakumtoa. Mpira ulipita kwa mtu ambaye hakutakiwa kuwepo pale dakika ile, na aliyemwacha pale alikuwa amekaa benchi.

Msimu huohuo Buckner alikuwa amewaingizia Boston pointi 102 kwa gongo lake. Bila yeye huenda fainali yenyewe wasingeiona. Haikumsaidia. Alizomewa, akapokea vitisho, msimu uliofuata akatemwa. Mwaka 1990 alirudi kwa muda mfupi na wapo waliompigia makofi, lakini zile kejeli hazikuisha, na baada ya kustaafu aliihamisha familia yake kwenda kuishi mbali, Idaho.

Tarehe 8 Aprili 2008 Red Sox walimwita arushe mpira wa kufungua msimu Fenway. Uwanja mzima ulisimama. Mzee akatembea taratibu hadi katikati, akafuta machozi, akarusha. Ilikuwa siku nzuri. Ila ukweli wake unauma kidogo, maana wakati huo Boston walikuwa wameshabeba mataji mawili mapya. Kosa la Buckner lilikuwa lilelile la 1986. Walipopata raha ndipo na msamaha ukapatikana. Alifariki Mei 2019.

OFISI MPYA, MEZA IKAPINDULIWA

Mwaka 2002 kundi la John Henry na Tom Werner likainunua timu. Mwishoni mwa mwaka huo usajili akakabidhiwa kijana wa miaka 28, Theo Epstein, aliyekuwa anaangalia takwimu kabla ya majina. Januari 2003 wakamchukua David Ortiz, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyeachwa bure na Minnesota Twins.

Hawakufanikiwa papo hapo. Oktoba 2003 walikuwa wanaongoza 5-2 dhidi ya Yankees kwenye mechi ya saba ya nusu fainali. Mrushaji wao nyota, Pedro Martinez, amechoka na kila mtu anaona. Kocha Grady Little akaenda kuzungumza naye, akamwacha aendelee. Yankees wakasawazisha, na Aaron Boone akawamaliza kwa mpira uliovuka uzio. Wengine wakaanza tena habari za laana. Ofisi haikuwa na muda huo, Little hakuongezewa mkataba.

Julai 2004 Epstein alifanya jambo ambalo huku lingevunjisha vioo vya klabu, akamuuza kipenzi cha mashabiki, Nomar Garciaparra, kwa sababu timu ilikuwa inavuja nyuma. Siku hiyohiyo akamleta mtu wa akiba asiyeshtua mtu, Dave Roberts, mwenye sifa moja kubwa, mbio.

Oktoba wakakutana tena na Yankees kwenye nusu fainali. Wakafungwa mechi tatu za mwanzo, ya tatu kwa aibu ya 19-8 tena nyumbani. Hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma 3-0 kwenye ligi hizo ikapita. Mechi ya nne, zamu ya mwisho, Boston wako nyuma 4-3, na anayerusha ni Mariano Rivera, mfungaji milango bora aliyewahi kutokea. Kevin Millar akapewa kituo cha kwanza bila kupiga. Kocha Terry Francona akamtoa, akamwingiza Roberts kukimbia badala yake.

Fenway nzima ilijua atakimbia. Rivera alijua, akarusha mpira kituoni mara kadhaa kumrudisha. Roberts akakimbia hivyohivyo, akateleza kwa tumbo kituo cha pili, mkono wake ukatangulia mpira kwa kitambo kidogo sana. Bill Mueller akapiga, Roberts akafunga, 4-4. Saa saba usiku Ortiz akavusha uzio, ikawa 6-4.

Kesho yake Ortiz tena, 5-4 baada ya zamu 14. Mechi ya sita Curt Schilling akarusha akiwa na kifundo kilichoshonwa na soksi ina damu, wakashinda 4-2. Ya saba wakawapiga Yankees 10-3 palepale New York. Kwenye World Series waliwanyoosha St. Louis Cardinals 4-0, haohao waliowanyima taji 1946 na 1967. Tarehe 27 Oktoba 2004 ukame ukaisha.

Angalia walioumaliza. Ortiz, Martinez na Manny Ramirez aliyekuwa mchezaji bora wa fainali, wote wazaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Roberts, baba yake Mmarekani mweusi. Kwa siasa za Fenway ya 1945, hao wasingepewa jezi. Kama kweli kulikuwa na kitu cha kutegua, kilikuwa hicho, na kilichukua miaka mingi sana.

KUTOKA FENWAY MPAKA KYIV

Shabiki wa Liverpool anaijua filamu hii kwa sura nyingine. Mei 2018, fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Kyiv, kipa Loris Karius alitoa zawadi mbili, Real Madrid wakashinda 3-1. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa. Siku chache baadaye akapimwa, na hospitali yenyewe ilikuwa Massachusetts General, Boston. Madaktari wakasema alipata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi ile, na inawezekana ulimwathiri. Dakika chache kabla ya kosa la kwanza alikuwa amepigwa kiwiko na Sergio Ramos.

Wengi walicheka. Karius hakuichezea tena Liverpool mechi ya mashindano. Tofauti ni kwamba ofisi haikupoteza muda kutafuta gundu. Ilimnunua Alisson miezi miwili baadaye, na Mei 2019 timu ileile iliyokuwa nyuma 3-0 dhidi ya Barcelona ikashinda 4-0 Anfield na kwenda kubeba kombe.

Hapa Henry asivishwe kilemba cha utakatifu. Baada ya 2004, Red Sox walibeba tena 2007, 2013 na 2018, na mwaka huo wa mwisho klabu iliomba jina la Yawkey liondolewe kwenye mtaa wa uwanja wake, likaondolewa. Halafu Februari 2020, ofisi hiyohiyo ikamtoa Mookie Betts, mchezaji bora wa ligi ya 2018, kwenda Los Angeles Dodgers. Sababu, hesabu za mishahara. Kocha wa Dodgers ni nani? Dave Roberts, yule mkimbiaji wa 2004. Betts amebeba mataji matatu huko, 2020, 2024 na 2025. Boston walimaliza mkiani mwa kundi lao 2020, 2022 na 2023.

Kwa hiyo anayempa Henry sifa za 2004 ana haki ya kumpa lawama za 2020. Vyote viwili vilitoka kwenye meza moja. Hakuna mzimu wa Babe Ruth hapo, kuna watu wenye saini.

Huku kwetu bado timu zinaruka ukuta kukwepa mlango rasmi, zinalipa faini, na mwisho zinafungwa. Kipa akiachia bao la kizembe, kabla hajafika chumba cha kubadilishia nguo ameshaambiwa amehongwa. Kiongozi aliyesajili mastraika watano na kusahau beki wa kati anatoka jukwaani anapunga mkono.

Ndiyo maana picha ya Buckner Fenway ni ya kuangaliwa na kila shabiki. Mji mzima ulikaa miaka 22 ukimdai mtu mmoja deni ambalo lilikuwa la kocha, la warushaji wawili, na la ofisi iliyowahi kumwacha Jackie Robinson atoke getini. Safari nyingine mpira ukimpita mtu katikati ya miguu, kabla ya kuzomea, geuka kwanza uangalie jukwaa la wakubwa.